Kwa Nini Mama Nashipae Hapiti Darajani

Tuanze na daraja lenyewe. Weee, usipoliona lile basi una tatizo la macho! Ukishuka tu Moshono kuelekea mtoni unakutana nalo: nguzo mbili za chuma zimesimama utadhani zinataka kushindana na Mlima Meru, na kutoka kule juu nyaya nene zinashuka mshazari, huku na huku, zimelishika daraja kama kamba zinavyoshika turubai la harusi. Ndani ya maji hamna hata nguzo moja. Jumamosi maharusi wanajazana pale kupiga picha, machalii wa A-Town, vijana wa Arusha mjini, wanakuja na spika zao kurekodi video, yaani siku hizi mtu akikuelekeza kwake anakwambia, "Ukifika darajani nipigie." Ni la waenda kwa miguu, baiskeli na toroli. Gari halipiti, na ukija na pikipiki unaizima unaisukuma.

Sasa, katika watu wote wanaokaa ng'ambo, upande wa mashambani, kulikuwa na mmoja tu ambaye alikuwa hajalikanyaga tangu lifunguliwe. Nalepo, Mama Nashipae. Na ndiye aliyekuwa akilihitaji kuliko wote!

Hebu fikiria. Huyu mama anauza maziwa Moshono tangu Nashipae yuko mgongoni. Asubuhi anakamua, anajaza dumu, analibeba mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso, anateremka korongoni, anavuka kwa kurukia mawe. Kiangazi hamna shida. Ila mvua ikipiga kule juu Meru, hata kama huku jua linawaka, mto unakuja na rangi ya chai unanguruma, na hapo safari imekufa. Ni kuzunguka mpaka daraja la barabara kubwa, na akifika kwa wateja jua limeshakuwa kali na maziwa yameanza kuganda. Kuna mwaka mto ulimpokonya dumu na ndala zote mbili. Alining'inia kwenye mzizi, akatoka, akarudi nyumbani peku anacheka peke yake, maana hata angelia nani angemwona?

Daraja hilo alikuwa ameliombea kanisani kwa sauti kubwa mpaka wenzake wakawa wanamkonyeza apunguze. Likaja. Na akawa hapiti.

Tatizo lilikuwa Ezra.

Ezra ni mkwe wake, mume wa Nashipae, kijana wa Moshono, fundi wa kuchomelea vyuma. Wakati wa ujenzi alipata kazi pale, na ujenzi ulipoisha kamati ya daraja ikamwachia kulitunza. Anakaza nati, anapaka rangi, anafagia, anawafokea wenye pikipiki. Maana yake kutwa nzima yuko darajani. Na kwa Waarusha, mama na mume wa binti yake hawakutani hivi hivi tu. Hawali pamoja, hawatajani majina, hawatazamani usoni. Akitokea kule, wewe unakata kona. Wala siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Wanaitana Paker, kwa ajili ya yule kondoo aliyetolewa siku ya ndoa, na hata hiyo Paker mara nyingi inapita kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Zamani mtoni palikuwa na mawe ya juu na mawe ya chini, kila mtu anachagua yake. Darajani je? Watu wawili wakipishana mabega yanagusana! Mkwe wako akitokea katikati utamkimbilia wapi, uruke?

Basi Nalepo akaendelea na mawe yake. Watu wakasema anaogopa, na yeye akawaacha waseme. Jirani yake Sinyati, mama mmoja mwenye mdomo usiochoka, ndiye aliyekuwa hampi nafasi ya kupumua.

"Mama Nashipae, fumba macho nikuvute, kama ng'ombe anapelekwa josho."

"Niachie mawe yangu."

"Umri huo unarukaruka kama mbuzi?"

"Umeshaona mbuzi ameanguka?"

Mwishowe, siku moja wanachambua maharage, akamwambia ukweli. Sinyati alicheka mpaka sinia likamwagika.

"Ezra? Kumbe ni Ezra! Sasa wewe si umeokoka? Mila za nini tena?"

"Kuokoka nimeokoka. Adabu sijaiacha."

"Si umwambie akae pembeni upite?"

"Nikisema hivyo ataacha kazi. Namjua yule, ana aibu kuliko bibi harusi. Na ile kazi ndiyo inayomlisha mwanangu. Wewe Sinyati, ukimwambia mtu, simu yangu usiiazime tena."

Sinyati akanyamaza, na kwake hiyo ilikuwa adhabu nzito.

Sasa huko ng'ambo ya pili Ezra naye alikuwa na yake moyoni. Kila asubuhi anamwona mama mkwe, kakitu kadogo kekundu kule chini, kanavuka kwa mawe chini ya daraja lake. Jioni anamwambia mkewe, "Mama yako haamini kazi yangu. Anaona nyaya nilizokaza zitamwangusha."

Nashipae anampigia mama yake simu. "Yeyo, kwa nini hupiti?"

"Miguu, mwanangu."

"Miguu gani hiyo inayoweza mawe halafu ishindwe na sakafu?"

"Mwambie daraja ni zuri."

"Yeyo!"

Simu ikakatwa. Ndivyo walivyoenda hivyo hivyo mpaka masika, na masika ilimkuta Nashipae tumbo limeshuka, mimba ya kwanza, anahesabu tu wiki. Alikuwa ameshasema, na Nalepo alikuwa ameshaahidi: siku hiyo mama atakuwepo. Ezra hana mama, alishafariki. Mtu wa kumshika mkono Nashipae ni mmoja tu duniani.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Nalepo yuko zizini, kisimu chake cha kiswaswadu kikalia.

"Yeyo, imeanza. Njoo sasa hivi."

Akatoka mbio hadi ukingoni. Mawe ya juu hayapo. Mawe ya chini hayapo. Mto umejaa, unabeba migomba mizima mizima. Kuzunguka barabara kubwa kwa tope lile, angefika mtoto ameshazaliwa zamani, na pikipiki za upande wa mashambani hazikuwa zinashuka siku hiyo. Nalepo akarudi ndani, akachukua chupa ya mafuta ya kondoo ya kumpa mzazi, akajifunga shuka, na kumkuta Sinyati mlangoni ameshavaa mabuti.

"Leo utapita," Sinyati akasema, na wala hakuwa anatania.

Wakafika darajani. Hamna mtu, mvua imefukuza wote. Isipokuwa pale katikati kabisa, mtu mmoja amesimama, koti la mvua la njano, mikono haijui iende wapi.

Kumbe Nashipae katikati ya uchungu alikuwa amemfukuza mumewe: "Kamchukue mama, anaogopa daraja, kamshike mkono!" Amshike mkono mama mkwe! Ezra wa watu alikimbia mpaka katikati, akili ikamrudia, akagandia hapo. Kurudi bila mama, mkewe atamla mzima. Kusonga mbele, haiwezekani.

"Haya sasa," Sinyati akanong'ona.

Nalepo na yeye akasimama. Maji yananguruma chini. Simu kwenye shuka ikaanza kulia tena, na hakuhitaji kuitoa kujua ni nani.

Ndipo Ezra akafanya jambo. Akageuza uso akatazama majini, akalivuta koti likamfunika kichwa chote, akajibana kwenye vyuma vya pembeni kama mjusi ukutani. Akajifanya hayupo.

Nalepo akakanyaga. Daraja likacheza kidogo chini ya miguu yake, kama kitanda cha kamba, likatulia. Akatembea. Alipofika pale kwenye koti la njano akageuka ubavu, mgongo kwa mgongo, na angeweza kabisa kupita kimya yakaisha. Lakini akawaza, huyu kijana ataendelea kuumia bure. Akasimama. Akashika waya mmoja mnene uliolowa, akauambia:

"Wewe waya. Mwambie aliyekukaza kwamba sijakuogopa hata siku moja. Kila jioni nakuangalia kutoka kwangu nasema, huyu kijana ana mikono. Nilikuwa nampisha tu, asije akaacha kazi kwa sababu yangu."

Halafu kutoka ndani ya koti sauti ikatoka, imekwama kwama:

"Waya, mwambie Paker... bajaji inamsubiri mwisho wa daraja. Na apite katikati, pembeni panateleza."

"Waya, na mimi niambie kitu!" Sinyati akadakia huku nyuma. Waya haukumjibu.

Nalepo alikuta Nashipae mlangoni ameng'ang'ania fremu.

"Yeyo! Umepita wapi?"

"Darajani."

"Na Ezra?"

"Nimeona koti."

Nashipae akacheka, uchungu ukambana, akacheka tena akiwa ameinama. Wakaingia kwenye bajaji hivyo hivyo. Kabla mvua haijakatika, pale zahanati, Nalepo akiwa ameshika mkono alioahidi kuushika, akatoka mtoto wa kike, na alivyokuwa analia nesi akasema huyu atakuwa kondakta.

Miaka yote, mtoto akizaliwa Moshono wakati wa masika, ndugu wa ng'ambo walimwona mto ukishapungua, ameshaota meno. Safari hii haikuchukua hata siku mbili. Wamama wa ng'ambo wakaja, mstari mrefu juu ya daraja, vibuyu, chupa za chai, mashuka mekundu na ya bluu, wanaimba kwenye manyunyu. Na wote hao, kwa mila, ni mama wakwe! Ezra alipowaona wanakuja alitupa spana, akakimbilia kibanda cha vifaa akajifungia kwa ndani. Nalepo amesimama upande wa Moshono anawapokea, anapaza sauti: "Piteni, piteni! Mkwe wetu amejificha vizuri!"

Mwisho wa mstari alikuja bibi mmoja mzee sana, na fimbo yake, ambaye maisha yake yote hajawahi kuvuka mto ule wakati wa masika. Alipofika katikati akasimama, akawaacha wenzake watangulie. Akachungulia yale maji yanavyokimbia chini ya miguu yake. Akayatemea mate. Kwa Waarusha mate ya mzee ni baraka, ila kama haya yalikuwa baraka au kisasi, hakusema. Akachukua fimbo yake akaenda kumwona mtoto.