Kichuguu cha Wakwe

Mama yangu hakuwa mchoyo wa kitu chochote, isipokuwa kichuguu kimoja. Kilikuwa porini, na mvua za kwanza zikishanyesha kilitoa uyoga mweupe, mpana, mtamu kuliko nyama. Alionyeshwa na mama yake, akanionyesha mimi, basi. Hata mume wangu sikumwambia, na mnajua mwanamke aliyeolewa juzi anavyopenda kusema.

Mwaka ule Mdachi alikuwa anapitisha reli kwetu, na mume wangu alikuwa kibarua wa kufyeka njia. Mvua iliponyesha, asubuhi yake mama na mimi tukabeba vikapu. Kufika, tunaona nini? Makalio ya mwanamume yametokeza nyuma ya kichuguu, mwenyewe ameinama anachuma!

"Mwizi wee!" mama akafoka. "Mlafi mkubwa, usiye na haya!"

Mtu akainuka. Mama wee! Mume wangu.

Sasa, kwetu sisi Wagogo, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Mama akajifunika kaniki kichwa kizima, akageuka. Mume wangu akachuchumaa, akaukodolea macho mti wa miiba. Mimi nimesimama katikati yao, ningenyoosha mikono ningewagusa wote wawili.

"Mwulize huyo mtu wako," mama akasema kwa sauti ya kusikika kijiji cha pili, "nani kamwonyesha kichuguu changu?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie hakuna aliyenionyesha. Nyapara ndiye aliyekichagua jana. Leo kinavunjwa, udongo uende kwenye tuta la reli. Nikaona uyoga, nikasema nimchumie mama kabla haujakanyagwa."

"Anasema..."

"Nina masikio!" mama akanikaripia. Hasira zikanipanda. Yaani wao wanasikiana vizuri tu, mimi nahangaika kama kichaa, na bado nakaripiwa! Nikataka niwaache hapo hapo na migongo yao. Kisha nikaona mabega ya mama yanatikisika chini ya kaniki. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tumzike bibi.

Akajifuta, akapanda juu ya kichuguu, akaketi.

Nyapara, mtu wa pwani, akafika na vibarua wenye majembe. "Mteremshe huyo bibi!" akamwamuru mume wangu.

"Siwezi, bwana. Ni mkwe wangu. Kwetu hashikwi."

"Haya, wewe hapo!"

"Hata mimi, bwana," akasema kibarua wa pili, ambaye sijapata kumwona maishani. "Ni mkwe wangu."

"Na wangu," akasema wa tatu. Ikaenda hivyo mpaka wa mwisho, kila mmoja anatupa jembe chini na kugeuza mgongo. Mama alizaa binti mmoja tu, mimi. Siku ile nikajikuta nina waume kundi zima, wengine vibogoyo.

Nyapara alitukana mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akawapeleka kwenye kichuguu kingine, maana tuta lilikuwa linangoja udongo, na Mdachi hakuwa na subira.

Lakini ilikuwa lazima mmoja alipe, na aliyelipa ni yule aliyeanza. Jioni mume wangu aliletwa amebebwa, kachapwa viboko mpaka hawezi kukaa. Nikamlaza kifudifudi mkekani. Nililia, nikamlaani nyapara na reli yake yote.

Mama akaja kinyumenyume hadi mlangoni, akaweka chungu cha uyoga wa karanga.

"Mwulize huyo mtu wako..." Akakisogeza chungu ndani. "Mwulize huyo mwanangu, chumvi inatosha?"

Mume wangu alitafuna polepole, uso kwenye mkeka.

"Mwambie mama imepungua kidogo."

Nikageuka nipeleke ujumbe. Mama alikuwa keshaondoka mbio kuifuata chumvi.