Jina Langu Kwenye Hoja Niliyoipinga

Admin, nifichie jina, huku Garsen tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa kijiji cha Wema, nina watoto watatu. Ni mhadhiri wa mkataba katika chuo kimoja, na niko kwenye seneti, kile kikao cha wahadhiri kinachoamua hatima ya wanafunzi. Nawaandikia nikijionea kinyaa.

Kuna msichana wa mwaka wa tatu, kwao Nanighi. Nitamwita Habiba. Aliandika barua kulalamika kwamba mhadhiri mmoja amezuia alama zake mpaka azifuate nyumbani kwake. Badala ya mhadhiri kuhojiwa, tukaitwa seneti kujadili kumfukuza Habiba eti amechafua jina la chuo!

Siku hiyo tulifika tisa. Kanuni zetu zinataka tuwe angalau kumi na tano. Nikasimama.

"Mwenyekiti, hoja ya nidhamu. Hatujatimia. Na huyu mtoto hajaitwa ajitetee."

Mwenyekiti alikuwa anatafuna sambusa, hata hakuniangalia. "Daktari, keti. Hapa si bungeni. Wanaosema ndiyo?"

Watatu wakaguna ndiyo. Mmoja wao ni yuleyule mhadhiri aliyelalamikiwa! Wengine wakainamia simu. Wanaosema la hatukuulizwa. Mwenyekiti akajifuta mafuta mdomoni, akasema, "Imepita." Nilitoka nikatapika nyuma ya ofisi. Sitanii.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchafu. Wiki iliyopita Habiba alikuja kwangu na babake, mzee mfugaji. Msichana alikuwa amepewa barua ya kufukuzwa pamoja na kumbukumbu za kikao, ili akate rufaa akitaka.

"Madam, nilisikia ulinitetea, nikawa nakuombea dua," Habiba akasema. "Kumbe ni wewe?"

Nikasoma. Wajumbe kumi na sita walihudhuria. Hoja imepita bila kupingwa. Aliyeiunga mkono: majina yangu, yote matatu.

Babake akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Hii karatasi inasema kweli?"

"Inasema uongo, mzee."

"Basi waambie wao."

Nikaenda kwa mwenyekiti. Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Si ulitaka kuongea? Tumeandika umeongea. Jumatano tunathibitisha kumbukumbu. Nyamaza zipite. Mkataba wako unakuja mezani kwangu mwezi ujao."

Akanipigapiga begani kama mtoto. Nimeoga mara ngapi tangu siku ile, na bado nausikia ule mkono.

Wenzangu wananiambia nifikirie wanangu. Lakini Jumatano wakiuliza kama kuna masahihisho nami nikakaa kimya, ule uongo utakuwa umegeuka kweli, nitakuwa nimemfukuza Habiba kwa kinywa changu. Nikisimama, sina kazi.

Ndugu zangu, mngekuwa mmekaa kwenye kiti changu mngefanyaje? Niambieni kabla ya Jumatano.