Mtaalamu wa bahari alivyolifuata ganda la bibi yangu Chanzuru

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea, maana humu wengi ni wajukuu zangu. Naeleza kama ilivyotokea, chumvi sijaongeza.

Ni miaka ya vijiji vya ujamaa. Tumetolewa milimani, tumepangwa kwa mistari Chanzuru, pale Kilosa. Mimi mwalimu mpya, baba yangu balozi wa nyumba kumi, na bibi, mama yake baba, mfinyanzi.

Bibi alikuwa na ganda la kombe wa baharini, zito, alilorithi kwa mama mkwe wake. Ndilo la kulainishia vyungu. Alishajaribu kipande cha kibuyu, vyungu vikatoka na makovu, wanunuzi wakavikataa. Chumvi na sabuni ya nyumba ile vilitoka kwenye ganda hilo.

Siku moja akaja mtaalamu wa bahari kutoka Dar.

Mnacheka? Na sisi tulicheka. Bahari na Kilosa wapi na wapi.

Akatueleza. Kombe akikua anaongeza tabaka juu ya tabaka. Ndani ya kila tabaka kuna oksijeni nyepesi na nzito, na uwiano wake unafuata joto la maji ya wakati ule. Ukipima maganda ya kale, ukayalinganisha na ya leo ya pwani ileile, unaona bahari ilivyobadilika.

Na kwa kuwa misafara ya zamani ilipita Kilosa ikitoka pwani, alikuwa anayatafuta huku bara.

Baba akachangamka, akalitwaa ganda akampa. "Chukua la mama. Ni mchango wetu kwa taifa."

Mwenyewe hakumuuliza. Hilo liliniudhi, na hadi leo linaniudhi.

Mtaalamu, kijana mwenye adabu, akasema wazi kwamba ganda lazima likatwe apate kipande cha kupima. Kisha akauliza, "Lilitoka pwani ipi, mzee? Nisipojua, halinisaidii."

"Bagamoyo," baba akajibu haraka. Nilijua anabahatisha. Kwa balozi mgeni haondoki mikono mitupu.

Bibi akainua macho. "Mwanangu, usimdanganye mgeni. Lilikotoka hakuna anayejua. Waliojua wamekufa."

Mtaalamu akamrudishia ganda kwa mikono miwili, akaaga. Baba aliona aibu.

Baadaye nikamsifu bibi kwa kusema ukweli.

Akaendelea kulainisha chungu chake. "Bagamoyo ni kweli. Baba mkwe wangu alikuwa mpagazi. Kombe alimtoa majini mwenyewe, akamla, ganda akaja nalo. Baba yako kapatia tu. Hebu sogeza maji."

Nikasogeza.

Nilichojifunza: ukitaka kitu cha mtu kwa faida ya wote, muulize kwanza yeye kesho atafanya kazi kwa kutumia nini. Bibi hakuichukia sayansi. Alikuwa na vyungu vya kumaliza.

Nyie mngetoa? Semeni bila kunionea haya.

Na wewe mtaalamu, kama u hai na unapita humu: bibi alishatangulia. Ganda ninalo mimi; ukingo umelika, ila tabaka za ndani zipo.

Ni la Bagamoyo, mkuu. Njoo ulichukue.