Aliyelisukuma Gari Langu la Umeme

Mimi si mwanamke wa kusadiki uvumi. Nilianza sekondari nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikamaliza, na tangu hapo kila jambo langu lina tarehe. Hili lilinipata Ijumaa, tarehe nane Novemba, saa moja jioni. Niamini au usiniamini, tarehe haitabadilika.

Mume wangu alifariki mwezi wa Aprili, ndani ya gari letu, katika foleni ya petroli. Mnazijua foleni zetu za Bujumbura: injini huzimwa, na mwenye kusinzia husukumwa mbele na wenzake kwa wema, asije akapoteza nafasi. Walimsukuma hivyo usiku kucha na asubuhi yake, hadi kwenye pampu. Hapo ndipo walipogundua kwamba hakuwa amelala.

Je, alikufa Jumanne tarehe kumi na sita, au Jumatano tarehe kumi na saba? Hakuna aliyejua. Mimi nilihitaji kujua, kwa sababu Jumatano alfajiri nilimpelekea chai. Nilimwona ameegemea kioo, nikamhurumia, nikaiweka chupa juu ya paa, nikaenda kazini. Kama alikuwa bado hai, si ningemwokoa kwa kugonga tu? Kwenye msalaba wake niliacha nafasi ya tarehe wazi.

Nililiuza gari lile, nikanunua la umeme, nikaapa kutosimama tena katika foleni. Ijumaa hiyo umeme ulikuwa umekatika kwetu Gasenyi, huku mlimani, kwa siku mbili. Nikashuka hadi mtaa wa Asiatique kwa mfanyabiashara mwenye jenereta, nichaji kwake. Jenereta yake haikuwa na petroli. Nikarudi na chaji kidogo iliyobaki, nayo ikaniishia karibu na pampu ileile, kando ya foleni.

"Mama Umeme, karibu," akasema dereva mmoja. "Ila laini inaanzia kule nyuma."

Wakacheka. Hakuna aliyeshuka. Ningewalaumuje? Kila mmoja alichunga nafasi yake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya gari: "Mwanafunzi, shika usukani. Usigeuke."

Mtu mmoja tu duniani aliniita hivyo.

Gari hilo ni zito kwa sababu ya betri. Wanaume wanne hulisukuma kwa taabu. Jioni ile lilipanda hadi Gasenyi kana kwamba barabara inateremka. Nilifika langoni nikilia, nikauliza swali langu moja bila kugeuka.

"Ile chai uliniletea," akasema, "mi nilikuwa nimeshaenda. Ni Jumanne. Usijisumbue tena."

Niliposhuka hapakuwa na mtu. Juu ya paa ilisimama chupa yangu, iliyopotea tangu Aprili. Nikaifungua. Ilikuwa imejaa, na mvuke ukatoka.

Jumatatu, tarehe kumi na moja, fundi alichonga kumi na sita msalabani. Chupa ninayo hadi leo, sijathubutu kuimwaga.

Nawe uliye katika foleni, kabla hujalisukuma gari la mwenzako, gonga kioo. Aliyelala atakusamehe kwa kumwamsha.