Pembetatu Iliyokula Dagaa

Nilishuka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi, nikiwa mwalimu mpya na projekta niliyoifunga kwenye kitenge cha mama, nikiamini hesabu zilikuwa zinanisubiri mimi. Kidato cha pili walikuwa wanatoroka kipindi cha hesabu. Nilitaka kitu kimoja tu: waingie, wabaki.

Shule haikuwa na umeme. Binti mmoja, ambaye hakuwahi kunyoosha kidole darasani, akasema baba yake ana betri ya taa za kuvulia dagaa na wiki hiyo haitumiki. Nikaiazima. Darasa likajaa mpaka madirishani. Pembetatu ikazunguka ukutani, nami nikaisindikiza kwa hotuba. Yule binti akaja mbele kuonyesha pembe zinazolingana. Kichwa kikanivimba, nikatangaza: kila Ijumaa, projekta.

Mtoto wa mjini mimi, wa Katubuka, nimekula dagaa maisha yangu yote bila kujiuliza wanavuliwaje. Sikujua kwamba betri ilipumzika kwa sababu ya mbalamwezi; mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, na wavuvi hulala kwao. Ijumaa iliyofuata giza lilikuwa limerudi. Baba wa binti, kwa kumheshimu mwalimu, akanipa tena, akaomba tu niirudishe mapema. Niliirudisha mapema, baada ya kuhutubia vipindi viwili mfululizo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ufukweni, mtumbwi mtupu. Taa zilikuwa zimezimika kabla dagaa hawajakusanyika.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimia kwa upole ulioniuma kuliko tusi. "Pembetatu yako imeshiba?"

Niliona aibu sana. Jumatatu niliingia na chaki, nikijua nitayafundisha madawati. Walikuwepo wote, na binti alikuwa amenyoosha kidole. Kwenye kiganja chake alikuwa amenakili maandishi ya ubavuni mwa betri.

"Mwalimu, tupige hesabu. Projekta inakula kiasi gani, na taa za baba zinataka kiasi gani?"

Sikujua pa kuanzia. Nikajifanya natafuta chaki nyingine. Mwishowe tuligeuza projekta tukasoma kibandiko chake, tukazidisha, tukagawanya, tukabishana mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyetoroka, hata mimi, ingawa nilitamani.

Ijumaa binti alikuja na mwenzake wameibeba betri kati yao.

"Baba amekubali," alisema. "Tumempigia hesabu akaelewa. Inatosha projekta na taa zake, ila mwalimu akitaka kuhutubia, aizime kwanza."