Sahani ya Mama Fides

Mpaka leo nikisikia harufu ya gundi ya sponji, ile ya kubandikia viti vya gari, naziba pua. Inanirudisha mtaa wa Mutakura, uani kwetu, ambapo baba alikuwa akifufua gari bovu huku mizinga ikilia milimani.

Lilikuwa kombi kuukuu la kulala ndani, lenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi la macho mawili na sinki ndogo kama bakuli. Mwalimu mmoja Mzungu alimuachia baba, fundi wake, alipokimbia vita. Panya wakalirithi, na sisi tukalichukua kwa panya. Kaka yangu Dezire alisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Baba alichomelea sakafu. Mama alishona pazia za kitenge cha rangi ya machungwa. Mi nilikuwa na miaka kumi, kazi yangu kubandika sponji ya kitanda, na kila nikimaliza kipande nilijilaza juu yake kama bibi harusi.

Baba alikuwa wa kabila moja, mama wa lingine. Mutakura kosa letu lilikuwa baba. Tungehamia mitaa ya upande wa pili, kosa lingekuwa mama. "Basi tutakuwa na nyumba isiyo na mtaa," baba alisema. Majirani walijua anatengeneza gari la kuuza. Sisi tulijua kwamba Jumapili asubuhi, watu wakienda misa, tutavuka mpaka kwenda Uvira.

"Mutu asijue," baba alituonya. "Hata Mungu mutamuambia tukishafika."

Sasa niwaambie tulipokosea. Kwetu mutu hahami na chombo cha mwenzake, na sahani ya jirani hairudi tupu. Ni aibu. Mama alikuwa na sahani kubwa ya bati ya Mama Fides, tuliyepakana naye ukuta. Jumamosi mchana aliijaza maharagwe, yote yaliyobaki, kwa sababu kombi lilikuwa limejaa. Akaifunika kitambaa, akanituma. Wakati ule watu walikuwa wakiazimana chumvi kwa kijiko.

Mlangoni nilimkuta Gerase, mtoto mkubwa wa Mama Fides. Naandika jina lake kwa sababu wengi wanapenda kusema vita ndiyo iliua. Vita haina mikono. Gerase alikuwa nayo miwili. Alifunua kitambaa, akayaangalia maharagwe muda mrefu.

"We katoto, siku hizi mnavuna maharagwe mu karakana?"

"Apana. Mama anasema asante ya sahani."

"Asante kubwa namna hii?" Akacheka, akanipapasa kichwa. "Umuambie tutakula vizuri."

Nilirudi mbio, nikaufikisha ujumbe kwa furaha. Mama alitabasamu, kisha tabasamu likamkwama mdomoni. Hakumuambia baba kitu.

Jumapili kombi liliwaka bila kusukumwa. Hatukufika hata kona ya soko. Vijana walikuwa wamelaza magogo barabarani, na aliyesimama mbele ni Gerase, panga kwapani kama mutu aliyebeba gazeti. Akasogea dirishani kwa mama, kwa heshima zote.

"Mama Dezire, maharagwe yaliiva vizuri. Asante."

Mi nilifikiri ana adabu.

Baba alizima motere polepole, kama alivyotufundisha: kizuizini usikurupuke. Akampa Gerase ufunguo, akamuonyesha jinsi gia ya pili inavyogoma. Nadhani alitumaini wanataka gari tu. Walimteremsha yeye na Dezire, wakawapeleka nyuma ya ukuta. Mimi na mama tuliambiwa tuendelee kwa miguu, tusigeuke.

Miaka mingi baadaye nililiona kombi mtaa wa Rohero, limepakwa kijani, linauziwa brosheti, ile mishikaki ya mbuzi. Pazia ya machungwa ilikuwa bado ipo. Gerase mwenyewe ndiye alikuwa akipepea mkaa, amenenepa. Hakuna aliyewahi kumuuliza neno.

Mama alikufa bila kulizungumza. Mi niliamini siku zote kwamba nyundo za baba ndizo zilitutangaza. Mpaka siku moja, nikiwa na nyumba yangu, nilikuwa natafuta kitu cha kuweka ndani ya sahani ya jirani. Nikachota maharagwe. Nikamsikia tena Gerase: "Asante kubwa namna hii?" Nikakaa chini palepale jikoni.

Sahani ile niliirudisha tupu. Zote zilizofuata pia. Majirani wananisema kwamba huyu mama hakufundwa kwao.

Nilifundwa. Nilifundwa sana.