Msusi Aliyekataa Kuzaa Peke Yake

Uzazi wake wa kwanza msusi huyu hakuutenda, alitendwa. Alilazwa chali, akakatazwa kuinuka, akachomwa sindano ya kuongeza uchungu pasipo kuelezwa ni ya nini. Alipouliza, alijibiwa: “Ulipoitafuta hiyo mimba ulimuuliza nani?” Wifi yake, dada wa mumewe, alifungiwa nje ya mlango wa chuma wa wodi, akisikia vilio asijue ni vya nani. Mtoto alizaliwa mzima, na kwa kuwa alikuwa mzima, kila mtu alimwambia mama ashukuru. Alishukuru. Lakini tangu siku hiyo, mlango wa chuma ukibamizwa popote, mikono yake isiyokosea msuko ilitetemeka.

Mimba ya pili ilipoingia, hofu ilitangulia furaha. Alikwenda kliniki akamwambia mkunga wazi: “Nataka kuzaa bila sindano ya kuongeza uchungu wala ya kuutuliza, maadamu hakuna hatari. Na nisiachwe peke yangu.”

“Inawezekana,” mkunga alisema. “Mpaka sasa mimba yako haina tatizo. Ila tuelewane, mama. Nitakupima, nitasikiliza moyo wa mtoto, na nikiona hatari nitakueleza tubadili njia. Dawa si adui yako.”

“Najua. Adui yangu ni kutoulizwa.”

Mkunga alimfundisha kutoa pumzi taratibu, kulegeza taya na mabega, kutembea, kupiga magoti uchungu unapokaza. Mazoezi aliyafanyia kazini, katika chumba chake chenye viti viwili na birika la maji moto ya kuchovya ncha za rasta. Tumbo likikaza, alisimamisha vidole kichwani mwa mteja, akapumua.

“Leo umepatikana, wifi!” alicheka wifi yake, akiwa kitini nusu kichwa kimesukwa. “Siku zote unatuambia ‘legeza shingo, ukikaza utaumia zaidi’, na machozi yanatutoka. Haya, legeza wewe sasa!”

“Nyamaza. Ukinichekesha nitakuacha hivyo hivyo, nusu shamba nusu pori.”

Nyumbani, mumewe seremala alijifunza kumkanda kiuno. “Baba watoto, mimi si ubao,” alilalamika. “Weka randa chini.”

“Basi nionyeshe, mke wangu. Mkono niuweke wapi?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mkono ule ukiwa mgongoni pake, alimsimulia kwa mara ya kwanza yaliyompata siku ile. Mume alisikiliza hadi mwisho. “Mbona hukuniambia?”

“Mlikuwa mnashangilia.”

Mume aliendelea kumkanda, polepole, mpaka mkewe akalala.

Uchungu ulianza asubuhi. Mume alibaki na mtoto mkubwa, wifi akamsindikiza. Mlangoni mwa wodi muuguzi alinyoosha mkono: “Msindikizaji abaki nje.”

Msusi alishika fremu ya mlango, akapumua hadi uchungu ukapita. “Dada, sikuja kwa ugomvi. Lakini bila huyu siingii.”

“Ndani kuna wanawake wamelala wazi. Watasitiriwa na nini?”

Swali lilikuwa la haki. Ndipo mkunga alipotokea, akafungua kabati la ukutani, akatoa mapazia mapya yaliyokunjwa vizuri, yaliyowekwa humo ili yasichafuke. Alitundika moja kati ya vitanda. “Wamesitiriwa,” alisema. “Aingie.”

“Mimi nitakaa kama stuli,” wifi alimwahidi muuguzi. “Ukichoka, nikalie.”

Sitadanganya kwamba hakuumia. Aliumia, akapiga kelele, akatembea, akapiga magoti akimkumbatia wifi shingoni. Kila mara mkunga aliposikiliza moyo wa mtoto, alimwambia alichosikia. Karibu na mwisho alilia: “Wifi, siwezi!”

“Huwezi nini, na tayari unafanya?”

Alimzaa binti, akawekewa kifuani mtoto angali na unyevu. Mikono ya mama ilimpokea, imetulia kabisa. Wifi alilia kumshinda mtoto.

Baadaye kidogo sauti ikatoka nyuma ya pazia: “Samahani jamani, na mimi dada yangu yuko nje. Anaweza kuingia?”

Zamu ilikuwa imebadilika, mkunga yule ameshaondoka. Muuguzi mpya alijibu kwamba utaratibu hauruhusu. Pazia lilikuwepo, dada alikuwepo, na mwanamke yule alizaa peke yake.

Kwa hiyo nasema nanyi, wakuu wa hospitali, mnaotunga taratibu hizi na kuzisaini: heshima ya mzazi isitegemee nani yuko zamu. Tundikeni mapazia yote. Mruhusuni kila mwanamke aingie na mtu anayemwamini. Asiye na hatari aachwe atembee na achague namna ya kukaa. Na kabla ya sindano yoyote, mwelezeni mwenye mwili, mumuulize, msubiri jibu lake. Bado kuna wanawake mlangoni penu. Anzeni nao, leo.